Faini Imelipwa, Mbona Deni Halijaisha?



Mtu akihukumiwa miezi sita akaimaliza, hesabu yake na Serikali imekwisha. Ndivyo tunavyoambiwa. Lakini mfanya kazi wa Kenya ajua kwamba sivyo. Akienda kuomba kazi ya ulinzi, au ya kuendesha matatu, au ya nyumbani huko Arabuni, huambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Huchukuliwa alama za vidole, na kosa lake la miaka kumi na mitano iliyopita hutoka kabatini likiwa bichi kama la jana. Tajiri haulizi neno. Huiweka karatasi kando na kumwita mtu wa pili.

Sisi hatukatai cheti. Twakataa cheti kisichosahau. Wazee wetu walikijua kitu cha namna hiyo. Tangu mwaka 1920 Mwafrika mwanamume alivaa kipande katika kikopo cha bati shingoni, chenye alama za vidole na habari za kila bwana aliyemtumikia. Kipande hicho kilipigwa vita na wafanya kazi mpaka kikaondoka.

Tena si kila hukumu ni ushahidi wa tabia mbaya. Mwaka 1950 Makhan Singh na Fred Kubai walishtakiwa kwa kuongoza chama cha wafanya kazi ambacho Serikali ilikataa kukiandikisha. Au chukua chang'aa. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku kabisa. Mwaka 2010 sheria hiyo ikafutwa, na chang'aa ikaruhusiwa kwa mwenye leseni. Basi mama aliyefungwa mwaka 1998 kwa kupika chang'aa ili apate karo ya watoto, bado aitwe mhalifu kwa kazi ambayo leo tajiri mwenye kiwanda aweza kuifanya kwa leseni? Na wale walioshikwa kwa uzururaji, kosa lao kubwa lilikuwa kukosa kazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, ikazitaka serikali zizirekebishe au zizifute.

Wako wanachama waliotuuliza: tangu lini chama kikatetea wezi? Swali ni la haki nasi twalijibu. Mtu asiye na cheti safi halali njaa akafa. Hutafuta tajiri asiyeuliza cheti, na tajiri wa namna hiyo ajua vizuri kwa nini haulizi. Humlipa chini ya kima, humfanyisha kazi siku ya mapumziko, hamwandikishi kwa malipo ya uzeeni. Mtu huyo hathubutu kuweka sahihi katika fomu ya chama, maana neno moja tu lamrudisha barabarani. Halafu siku tunapokaa mezani kudai nyongeza, tajiri atuonyesha kwamba wako watu wa kufanya kazi hiyo hiyo kwa nusu ya mshahara. Kwa hiyo rekodi ya mwenzako yateremsha mshahara wako wewe ambaye hujawahi kuiona seli.

Mambo haya yamekwisha kutengenezwa kwingine. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, ilipitisha mwaka 1974 sheria ya kwamba hukumu ikipita miaka kadha bila kosa jingine yahesabiwa imechakaa, na kwa kazi nyingi mtu hana lazima ya kuitaja. Mwanzoni aliyefungwa zaidi ya miaka miwili na nusu hakuingia. Mwaka 2014 mpaka ukasogezwa hadi miaka minne, na mwaka 2023 ukavuka hapo, isipokuwa kwa makosa mazito ya kujeruhi, ya ngono na ya ugaidi. Kenya haina sheria kama hiyo kwa watu wazima. Iko njia ya kuomba msamaha wa Rais katika kifungu cha 133 cha Katiba, lakini ni karani gani wa ghala atakayeandika ombi mpaka Ikulu kwa ajili ya kosa la magunia mawili?

Kufungua mlango tu hakutoshi. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walichapa utafiti mwaka 2020 juu ya watu wenye haki ya kufutiwa. Katika kila 100, hata 7 hawakupata kufutiwa katika miaka mitano ya kwanza. Wengine walishindwa na fomu na gharama, wengine hawakujua kwamba wana haki hiyo. Na waliofutiwa, mapato yao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20 katika mwaka mmoja. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limekwisha kuona jambo hili: sheria yake ya 2018 yafunga rekodi ndogo za zamani kwa kompyuta, bila mtu kuomba.

Hiyo ndiyo tunayoitaka hapa. Makosa madogo yafutwe yenyewe muda ukipita. Aliyewadhuru watoto asipewe kazi ya watoto. Hilo hatubishani na mtu. Na kesi iliyotupwa na hakimu isionekane katika cheti hata siku moja.

Mwanachama aliyekataliwa kazi kwa rekodi ya zamani aje kwa karani wa tawi lake aeleze. Jina lake halitaandikwa katika karatasi hii, wala halitafika kwa tajiri.