Mashauri ya Nyumbani: Nyumba ni Yako, Ardhi ni ya Nani?



Katika mji wetu wa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, viwanja na nyumba huuzwa na kununuliwa kila mara. Mnunuzi huleta fedha alizozikusanya kwa jasho la miaka mingi, muuzaji huleta karatasi, mashahidi hutia saini, kisha watu hupeana mikono wakidhani ya kuwa shauri limekwisha. Kumbe mara nyingi ndipo linapoanza. Juma hili twapenda kueleza mambo ambayo baba na mama wa nyumba yawapasa kuyajua kabla ya kutoa hata faranga moja.

Jambo la kwanza ni hili: katika nchi yetu hakuna mtu anunuaye ardhi yenyewe. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, iitwayo sheria ya Bakajika, iliirudisha ardhi yote mikononi mwa Serikali ya Kongo. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikathibitisha ya kuwa ardhi ni mali ya Serikali peke yake, wala haiuziki. Raia hupewa haki ya kuitumia, nayo haki hiyo huitwa konsesioni. Nyumba uliyoijenga ni yako. Udongo ulio chini yake umekabidhiwa tu. Wala sisi si wa pekee katika jambo hili. Ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania, sheria ya ardhi ya 1999 yasema ya kuwa ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu hupewa haki ya kuikalia.

Konsesioni ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya daima: hutolewa kwa mtu aliye raia wa Kongo, haina mwisho wa miaka, na watoto huirithi. Ya pili ni ya kawaida: yaweza kupewa raia, mgeni, au kampuni, lakini haipiti miaka 25, ingawa yaweza kufanywa upya. Tena iko karatasi ya tatu, nayo ni mkataba wa kukodi wa miaka isiyozidi 3, ambao Serikali humpa mtu ili aanze kujenga. Asiyejenga katika muda huo yuko katika hatari ya kunyang'anywa. Basi ukiambiwa, "Kiwanja hiki kina mkataba," uliza: mkataba wa namna gani, na umebaki muda gani? Anayelipa bei ya konsesioni ya daima akapokea mkataba wa kukodi unaokaribia kwisha, amenunua kivuli cha mti akidhani amenunua mti.

Sasa tuseme juu ya karatasi. Wengi wetu tuna vitabu vya zamani vya mwenye kiwanja, fishi za parseli, au barua za mauzo zilizotiwa saini na mkubwa wa mtaa. Karatasi hizi zina faida, kwa kuwa zaonyesha nani amekaa pale na tangu lini. Lakini sheria ya 1973 yasema ya kuwa haki juu ya ardhi ya Serikali huthibitishwa na hati ya usajili peke yake, ile ambayo watu huiita sertifika. Hutolewa na msimamizi wa hati za ardhi, yaani konservateri, naye huiandika katika daftari lake. Hati hiyo ina nguvu nyingi. Miaka 2 ikipita bila shauri kufunguliwa, kwa kawaida haiwezi tena kubatilishwa; aliyedhulumiwa hubaki na njia ya kudai fidia tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, ameacha mjane na watoto watano. Kijana mkubwa auza kiwanja kwa jirani na kumpa barua ya mauzo. Jirani ajenga nyumba ya matofali, aezeka mabati, ahamia na jamaa yake. Baada ya mwaka mmoja mjane na wadogo waenda mahakamani. Je, jirani atajitetea kwa nini? Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotoka zamani za Mfalme Leopold wa Pili, yasema wazi ya kuwa kuuza kitu cha mwingine ni bure. Kijana alikuwa na fungu lake, wala hakuwa na mafungu ya wenzake. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa warithi, wa kiume na wa kike sawasawa, na mjane naye ana haki yake. Tena yataka mume na mke wapatane kabla ya kuuza nyumba ya jamaa. Kwa hiyo, mnunuzi mwenye busara hataridhika na saini ya bwana tu. Humwuliza mama wa nyumba, mbele ya mumewe, kama naye amekubali. Na penye urithi hutaka warithi wote watie saini.

Walioko nje ya mji, katika bonde la Ruzizi na vijijini, wana shauri lao. Huko mwami na wakubwa wa vijiji hugawa mashamba kwa desturi. Sheria ya 1973 iliahidi ya kuwa amri ya Rais itaeleza haki za wenyeji juu ya ardhi hiyo, lakini amri hiyo ilingojewa zaidi ya miaka 40. Basi ruhusa ya mkubwa ni jambo la lazima kwa amani ya kijiji, lakini yenyewe si hati. Atakaye hati humwendea konservateri, na sheria yataka uchunguzi ufanywe kwanza ili ijulikane kama ardhi ni tupu ama ina watu.

Tusisahau maji. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Na mwaka 2024 ziwa lilipanda hata kuingia katika nyumba za pwani. Kwa sheria, ziwa na mto ni mali ya umma mpaka pale maji yanapofika katika mafuriko ya kawaida ya kila majira. Kiwanja cha bei nafuu kando ya mto chaweza kuwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye haki ya kukuuzia. Nenda ukakitazame wakati wa masika, ukawaulize wazee maji yalifika wapi.

Basi, kabla ya kulipa, mfuate njia hii. Kwanza, mwende kwa konservateri kuuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Pili, mtu wa katasta apime mipaka mbele ya majirani. Tatu, kama nyumba ni mpya, mwombe kuona ruhusa ya kujenga. Nne, mkataba uandikwe mbele ya notari. Tano, msipumzike mpaka hati ya zamani imefutwa na mpya imeandikwa kwa jina lenu. Na mkiwa mume na mke, fikirini vema majina ya kuandikwa humo.

Gharama za kazi hizi zawachosha wengi, nasi twajua. Lakini mzipime na gharama ya kuwaona watoto wenu wakitolewa vyombo nje, mbele ya majirani, kutoka nyumba mliyoijenga kwa mikono yenu.