WAKFU HAUUZWI



Kuna neno linalozunguka barazani, kutoka Kilindoni hata Chole, nalo limekwisha kuingia katika mazungumzo ya matawi yetu wenyewe. Neno lenyewe ni hili: Vyuo Vikuu vya umma havina fedha, na huku kuta na maktaba zao zina vitu vya thamani, yaani picha, vinyago na hati za kale. Basi kwa nini visiuzwe, zikapatikana fedha za kuwasomesha watoto wa maskini?

Hatulidharau neno hili. Anayelisema ni mzazi ambaye mwanawe amefaulu, akapewa nafasi Dar es Salaam, kisha mkopo ukamfikia nusu, au usimfikie kabisa. Mzazi huyo amekwisha kuuza ng'ombe, amekwisha kuweka rehani shamba la minazi. Ukimwambia kwamba Chuo kina picha ambayo tajiri wa ng'ambo angeitolea mamilioni, atakuuliza, "Je, mwanangu atasoma kwa kuitazama picha?" Swali hilo lastahili kujibiwa. Jibu letu ni kwamba uuzaji huo ni kosa, na utakayemdhuru ni mtoto yule yule ambaye jina lake latumiwa kuutetea.

Kwanza tuulize: mali hiyo ni ya nani? Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mna mkusanyo wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Orodha yake ilitengenezwa na Bwana J. W. T. Allen, ikapigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Hati hizo hazikuota humo maktabani. Nyingi asili yake ni masanduku ya nyumba za pwani, nyumba kama zenu na zetu, ambamo tenzi zilinakiliwa kwa mkono, zikapitishwa kutoka babu kwa mjukuu. Wenyewe walizitoa, au waliruhusu zinakiliwe, ili zisomwe na watu wote. Hawakuzitoa ziwe akiba ya mhasibu.

Kitu kilichotolewa kwa nia ya namna hiyo, wazee wetu wana jina lake. Huitwa wakfu. Kila mmoja wetu aujua mnazi uliowekwa wakfu kwa msikiti. Mkwezi hupanda akaangua nazi, nazi zikauzwa, taa ikawaka na mkeka ukanunuliwa. Lakini hapana msimamizi awezaye kuukata mnazi ule auze gogo, hata msikiti ukivuja. Nazi huanguliwa, mnazi haukatwi. Mkuu wa Chuo cha umma, na Waziri aliye juu yake, hawana cheo kilicho kikubwa kuliko cha msimamizi yule.

Atasimama mjuzi aseme kwamba wako wanazuoni walioruhusu wakfu ulioharibika ubadilishwe. Ni kweli, nao wameruhusu ubadilishwe kwa kingine kitakachofanya kazi ile ile, si kwa kuliwa. Na ajabu ni kwamba hata makumbusho ya Marekani, ambako kila kitu kina bei, yamezoea kanuni iliyo karibu na hiyo: kazi ya sanaa ikiuzwa, fedha zake hununua kazi nyingine au hutunza zilizopo. Hazilipi umeme wala mishahara.

Pili, jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa wenzetu, na yafaa tujifunze. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Iowa, ambacho ni chuo cha umma huko Marekani, kilipokea zawadi ya picha kubwa ya Jackson Pollock aliyoichora mwaka 1943, yenye urefu wa mita sita hivi. Mtoaji alikuwa Bibi Peggy Guggenheim. Mwaka 2008 mto ulifurika, mafuriko yakaiharibu nyumba ya sanaa ya Chuo, na papo hapo wakubwa wakauliza picha ile ingeleta kiasi gani. Ikakadiriwa dola zipatazo milioni 140. Mwaka 2011 ukaletwa mswada katika baraza la jimbo kwamba iuzwe, na faida ya fedha hizo isomeshe wanafunzi.

Hoja ile ilikuwa na nguvu, wala hatuifichi. Fedha zikiwekwa vizuri huzaa, nazo zaweza kusomesha vizazi. Lakini nani asiyejua desturi ya Serikali? Siku itakapoona Chuo kina mfuko mnono, siku hiyo hiyo itapunguza ruzuku yake kwa kadiri ya mfuko. Mwanafunzi atabaki pale pale alipokuwa, na ukuta utakuwa mtupu. Tena picha haimegeki, bali mfuko wa fedha humegwa kila mwaka na kila mkubwa mwenye shida yake.

Watu wa Iowa waliupinga mswada ule, haukupita. Picha ikasafishwa Los Angeles, ikasafiri Venice, Berlin, Málaga na London, maelfu wakaitazama. Mwaka 2022 Chuo kikafungua nyumba mpya ya sanaa, na picha imo humo. Nazi zimeanguliwa, na mnazi ungali umesimama.

Tatu, sisi maskini ndio tusioweza kuuza, kwa sababu bei ya vitu vyetu hupangwa baada ya vyenyewe kuondoka. Mtazameni Sam Ntiro, mwana wa Machame, aliyesoma na kufundisha Makerere, kisha akawa Balozi wetu wa kwanza London. Picha yake ya mwaka 1956, yenye kuonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960, hata Tanganyika haijapata uhuru. Wao waliona mapema. Leo Mtanzania atakaye kuitazama hana budi kuomba ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Je, na zilizosalia kwetu tuzipeleke kwa mikono yetu?

Lakini, ndugu zetu, tusijidanganye. Kutouza peke yake si kutunza. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa za Afrika na maelfu ya vitabu adimu. Alikataa kuviuza ng'ambo, akaiuzia Serikali ya nchi yake katika miaka ya 1970, kwa ahadi kwamba nyumba yake ya Muthaiga ingekuwa kituo cha elimu ya Afrika. Kituo hakikuwa, na nyumba ikabomolewa. Vilivyosalimika vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Nasi wa Mafia hatuna haja ya kwenda Nairobi kujifunza hayo. Tuvuke tu hadi Kua, kisiwani Juani, tukaone misikiti na nyumba za mawe zinavyobomolewa na mizizi ya miti. Hapana aliyeziuza, lakini zaondoka.

Kwa hiyo madai yetu ni manne. Kila Chuo cha umma kiwe na daftari la kazi zake zote, lisomwe na mwananchi yeyote. Sheria ipanuliwe: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940, lakini tarehe hiyo haiifikii picha iliyochorwa baada ya uhuru. Vyuo viazimishe kazi hizo kwa ada, vichapishe nakala na kuziuza, na mapato yatangazwe. Nne, ada ya mtoto wa maskini itoke Bungeni, katika kodi ambayo baba yake amekwisha kuilipa. Serikali isimpeleke mzazi akagombane na picha, hali mwenye deni ni yenyewe.

Na mzazi yule tuliyeanza naye, tumwambie hivi: umeulizwa uuze kitu ambacho hujapata kukiona, na mwanao hajapata kukiona. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nakala za hati na picha hizo ziletwe katika shule za Kilindoni, Kirongwe na Jibondo. Watoto wakizijua, hatutahitaji kuandika makala kama hii mara ya pili.

Ukiisha kusoma, mpe jirani.