Mlinzi na Ngazi ya Umeme

Mlinzi asiyekijua akilindacho hulinda ukuta mtupu. Neno hili lawahusu askari na polisi wa mwambao wetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, kwa kuwa viwanda, pampu za maji na vituo vya umeme vya zama hizi haviongozwi tena kwa mkono wa mtu peke yake. Mradi wa umeme wa mito ya Jiji na Mulembwe, kusini mwa nchi, umekusudiwa kutoa karibu megawati 50. Mitambo ya aina hiyo huongozwa na kompyuta ya kiwandani iitwayo kidhibiti, nayo mara nyingi hupewa amri kwa mchoro ufananao na ngazi.

Mchoro huo una asili yake. Zamani viwanda vya magari vya Marekani viliongozwa na swichi za sumaku zilizofungwa kwa nyaya nyingi. Kubadili kazi kulikuwa kufumua nyaya. Mwaka 1968 Dick Morley na wenzake walianza kubuni kidhibiti Modicon 084. Amri zake ziliandikwa kwa mchoro ambao mafundi umeme waliuzoea: mihimili miwili ya wima, na baina yao vipandio, kila kipandio amri moja.

Leo kijana wa Nyanza-Lac mwenye kompyuta aweza kujifunza elimu hiyo bila kununua kidhibiti. Programu kama OpenPLC hupatikana bure kwenye intaneti. Huchora kipandio, hubonyeza swichi ya kuigiza, akaona amri ikitimia au ikishindwa. Akikosea, hakuna kinachoungua. Sisi tuliofunzwa kwa risasi baridi hatuna haki ya kuidharau njia hiyo.

Hata hivyo, mazoezi si vita. Swichi ya kusimamisha mtambo hufungwa ili umeme upite ndani yake muda wote wa salama. Panya akikata waya, umeme hukatika na mtambo husimama. Ni kama lindo litoalo taarifa kila saa: kimya chenyewe ndicho king'ora. Skrini haina panya wala unyevu wa ziwa. Basi mwanafunzi amalizie kwa fundi.

Hatari si ya kubuni. Mwaka 2010 iligunduliwa Stuxnet, programu ya hujuma iliyoingia katika vidhibiti vya Siemens huko Natanz, Iran. Ilivuruga mwendo wa mashine huku wasimamizi wakionyeshwa kuwa yote ni shwari. Lango halikuvunjwa.

Kwa hiyo twasema: wenye kipaji katika majeshi na polisi waanze kujifunza ngazi hii, bila kugusa mtambo wa wananchi pasipo idhini. Na kila akabidhiwaye lango ajue kuuliza: Nani ameingia na kompyuta? Nani amebadili amri za kidhibiti? Nakala halali ya amri hizo imehifadhiwa wapi? Asiyeweza kuuliza hayo, adui atampita akimpigia saluti.