Msomi Aliyefuata Orodha ya Mishahara
Msomi akiitwa serikalini, mimi huangalia alichobeba zaidi ya vyeti. Robert C. Weaver, Mmarekani mweusi aliyepata udaktari wa uchumi Harvard mwaka 1934, alibeba kipimo. Serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa ikijenga nyumba za umma, na mikataba ilikataza ubaguzi, lakini mafundi weusi waliendelea kuachwa nje ya uzio. Utamshikaje mkandarasi anayedai hakupata fundi mweusi mwenye ujuzi? Weaver na wenzake wakaenda kwenye orodha za mishahara. Sensa ya 1930 ilionyesha mafundi weusi ni wangapi katika mji. Basi sehemu ya fedha za mishahara iwafikie kwa kuzingatia idadi hiyo, na ikipungua, mkandarasi ndiye ajieleze. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana elimu yake ilifika hadi kwenye sufuria ya fundi. Baadaye alifundisha vyuoni, akasimamia kodi za nyumba jimbo la New York, na mwaka 1961 Rais Kennedy akamkabidhi shirika la nyumba la taifa. Bunge lilipokataa kuligeuza kuwa wizara mwaka 1962, wabunge wa Kusini walijua vyema nani angekuwa waziri, na kwangu ile ni aibu isiyofutika. Rais Johnson aliifanikisha wizara hiyo 1965. Januari 1966 Weaver akaapishwa, mweusi wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani, na kabla hajaondoka, sheria ya 1968 ikapiga marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake.