Nani Mwenye Kampuni?

Mvuvi wa sangara katika mwalo wowote wa Mwanza hutakiwa kuwa na leseni yenye jina lake. Je, anayefaidi kampuni inayomnunulia samaki hutajwa wapi? Tangu 2020 sheria huzitaka kampuni ziwasilishe BRELA majina ya wamiliki manufaa, lakini daftari hilo halijafunguliwa kwa umma. Uingereza ilifungua lake, tena bure, mwaka 2016.

Sisi tuliijua Richmond baada ya mkataba kusainiwa: ikabidi Bunge liunde Kamati Teule, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Daftari lingalikuwa wazi, mwandishi wa habari angaliweza kuuliza mapema. Lifunguliwe basi, ili maswali yatangulie saini.