Kinywaji cha Nanasi na Mchaichai

Wakati wa jua kali kila arudiye kutoka shambani, kazini au shuleni hutamani kitu baridi cha kunywa. Wengi hukimbilia chupa za dukani, na faranga za chumvi na sabuni huishia huko. Leo twataka kuwaeleza kinywaji ambacho kila nyumba yaweza kujitengenezea. Lakini kwanza yatupasa kuungama kosa letu.

Mwaka mmoja, siku ya kufunga shule, tuliwapikia wanafunzi wetu kinywaji hiki hiki. Maji tuliyachemsha, vikombe tulivisafisha, nasi tukajisifu moyoni. Kisha, tulipoona jua limezidi, tulinunua barafu sokoni, tukaivunja na kuitia ndani. Watoto walishangilia. Usiku ule tisa kati yao waliharisha, na aliye mdogo kuliko wote alilazwa siku mbili. Alipona. Mama yake alituuliza neno moja tu: «Mwalimu, barafu ile ilitoka katika maji gani?» Hatukuwa na jibu.

Barafu ni maji tu. Baridi huvilaza vijidudu, lakini haiviui. Wala ukali wa ndimu hautoshi kuviua. Nasi twaijua hatari ya maji machafu: mwaka 1994, huko Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Basi, shikeni sana maji ya kuchemka.

Tayarisheni vitu hivi: nanasi moja lililoiva, majani kumi ya mchaichai, tangawizi kiasi cha kidole gumba, ndimu mbili, vijiko sita vya sukari, na lita tatu za maji.

Oshapo nanasi, lisugue kwa brashi, maana tutatumia maganda yake. Limenye, nyama yake wape watoto waile, ila maganda usiyatupe, yana harufu nzuri na utamu. Yatie katika sufuria pamoja na maji na tangawizi iliyopondwa. Yakianza kutokota, yaache yachemke dakika ishirini. Osha mchaichai, ufunge fundo, uutie ndani yangali yakichemka. Kisha ondoa sufuria motoni na kuifunika dakika kumi. Mchaichai ukipikwa mno, harufu yake hupotea pamoja na mvuke.

Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, utie sukari, ufunike, uache ipoe. Hapo ndipo ukamue ndimu, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Usiitie mapema, kwa sababu moto huharibu vitamini C iliyomo.

Na ubaridi je? Mimina kinywaji katika chupa safi zenye vifuniko. Zifunge kwa kitambaa kilicholowa, uzisimamishe kivulini penye upepo, ndani ya beseni lenye maji kidogo, ncha za kitambaa zikigusa maji. Maji yakaukapo juu ya kitambaa huchukua joto la chupa, kama vile mtungi wa udongo unavyotoa jasho na kupoza maji yake. Baada ya saa chache mtakunywa kitu cha kuburudisha, pasipo barafu ya mtu msiyemjua.

Maonyo matatu. Msiweke kinywaji hiki katika ndoo ya zinki, kwa kuwa ukali wa matunda huila zinki na kuumiza tumbo. Kinyweni siku ile ile. Kikilala mahali pa joto na kuanza kutoa povu, kimeanza kugeuka pombe, wala si cha watoto tena. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe hata kijiko: maziwa ya mama yamtosha.

Tangu siku ile, kila tunapotayarisha kinywaji kwa ajili ya wanafunzi, twawauliza wenyewe kabla ya kumimina: «Maji haya yametoka wapi, na nani aliyachemsha?» Nanyi wanafunzi msomao ukurasa huu, waulizeni vivyo hivyo wakubwa wenu nyumbani, kwa heshima. Hawatakasirika.

Juma lijalo tutasema juu ya kukausha maembe.