Barabara Nzima Nayo Itengenezwe



Naomba nafasi katika gazeti letu nizungumzie matengenezo ya barabara, jambo ambalo wananchi wengi tunalilalamikia bila kulielewa vizuri.

Mara nyingi nasikia abiria wakiulizana ndani ya basi, "Kwa nini wanamwaga lami juu ya barabara isiyo na shimo hata moja, na yetu imekufa kabisa?" Swali hili ni la haki na linastahili kujibiwa.

Barabara ya lami haifi siku moja. Kwa miaka kadhaa huonekana nzima, kisha hutokea nyufa ndogo zinazopitisha maji hadi tabaka za chini. Maji yakishafika huko, malori humaliza kazi kwa misimu michache ya mvua. Ukiziba nyufa mapema utatumia fedha kidogo. Ukisubiri mashimo, itakubidi uifumue barabara yote. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa taarifa juu ya nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kuwa hasara ya barabara yenye thamani ya dola bilioni 45 ingeepukwa kwa matengenezo ya dola zisizozidi bilioni 12. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndiyo maana wataalamu hutumia mifumo ya kompyuta. Kila kipande cha barabara huandikwa hali yake, idadi ya magari yanayopita na uzito wake, kisha mfumo hukadiria kipi kitaharibika lini na kipi kitangulie. Hesabu hizi si ngeni kwetu, kwani sehemu yake ilitokana na upimaji wa barabara za Kenya miaka ya 1970. Hapa nchini TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, zina mifumo ya namna hiyo.

Hata hivyo, ndugu Mhariri, kompyuta haijui ila ilichoambiwa. Takwimu zikiwa za miaka mitatu iliyopita, mpango nao utakuwa wa miaka mitatu iliyopita. Tena kuna hatari kubwa kwa sisi wa vijijini. Mfumo ukihesabu magari tu, barabara iliyokatika wakati wa masika itaonekana haina magari, na kwa hiyo haina haja ya fedha! Kumbe magari hayapiti kwa sababu hakuna pa kupita, na mazao yanaozea mashambani na wajawazito wanabebwa kwa machela. Kwa barabara kama hizo wahesabiwe watu, mazao, zahanati na shule, na kalavati moja mahali korofi lisishindanishwe na lami ya barabara kuu.

Jambo la pili ni uzito. Majaribio yaliyofanyika Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara huongezeka kwa haraka mno kuliko uzito wenyewe. Ekseli ya tani 12 huidhuru barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Kwa hiyo anayezidisha mzigo na anayefumba macho kwenye mizani, wote wawili wanavuruga mpango hata uwe mzuri namna gani.

Jambo la tatu ni fedha. Sheria inayohusu Mfuko wa Barabara, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, ilitamka kuwa si chini ya asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo. Fedha hizo tunazilipa sisi kila tunaponunua mafuta, hata yule anayepanda basi tu. Basi natoa wito kwa wahusika wabandike orodha ya matengenezo ya kila mwaka katika ofisi za kata, ikionyesha kipande kipi kimechaguliwa na kwa sababu gani. Orodha ikiwa wazi, atakayetaka barabara ya kwake iruke foleni itabidi aeleze mbele ya watu.

Kuzindua barabara mpya kuna ngoma na vigelegele. Kuzibua mitaro hakuna hata mpiga picha, lakini ndiko kunakotuwezesha kufika.

Msomaji wako,
Kilosa.